Binti wa Chumba cha Matete

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika wema kwamba katika mji wa Wasit, nchi ya Iraki, aliishi mchongaji kalamu aliyeitwa Ghailan bin Musafiri, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikata matete kwenye vinamasi, akayakausha, akayachonga kuwa kalamu, na makatibu wa mji walizinunua kwa kuandikia barua na vitabu vyao. Mkewe alikuwa Rababu, mwanamke mchamungu, mwepesi wa kazi na mchache wa maneno. Walijaaliwa mtoto mmoja tu, binti, wakamwita Lubaba.

Nyumba yao ilikuwa nje ya ukuta wa mji, nayo ilikuwa chumba kimoja. Kuta zake zilikuwa matete yaliyokandikwa udongo, na mlango wake mkeka. Wakati wa Sala ulipofika, Rababu alikunja magodoro, akakitundika chungu kwenye boriti, akausogeza mtungi wa maji nje. Ndipo wote watatu wakapata nafasi ya kusujudu, baba mbele na wao nyuma, paji la uso la Lubaba likikaribia kugusa visigino vya baba yake. Mgeni akija kulala, Ghailan alitoka akalala juu ya marundo ya matete, na asubuhi akimwambia mgeni kwamba chumba alicholala yeye hata khalifa hana mfano wake.

Katika udogo huo palikuwa na heri ambayo hawakuitafuta. Ghailan alikuwa amehifadhi Qur'ani, na alipochonga kalamu aliisoma kwa sauti mpaka kazi iishe. Hapakuwa na chumba cha pili cha kukimbilia ili kuikwepa sauti ile. Lubaba aliisikia alipokuwa akijifunza kutembea, aliisikia akisaga ngano, aliisikia akiwa na homa. Siku moja Ghailan alisita katikati ya aya, kisu kimekwama kwenye fundo la tete, na binti, aliyekuwa akipepeta unga, akaimaliza aya bila kuinua kichwa. Ghailan akaweka kisu chini, akamwambia aendelee. Akaendelea hadi mwisho wa sura. Alikuwa na miaka minane. Alipotimiza kumi na mbili alikuwa ameihifadhi yote, na wanawake wa mji wakawa wanamwalika kusoma katika khitima zao.

Lubaba alipofika umri wa kuolewa, waposaji walikuja mara mbili. Mara zote mbili walifika mbele ya mkeka wa mlango, wakakitazama chumba, wakageuza wanyama wao bila hata kutoa salamu. Mama yake alimsikia Lubaba akilia huko kwenye matete, na kilio kile hakikumtoka Rababu moyoni.

Basi katika mji ule palikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa, Muadhi bin Zuraiki, mtu wa kheri na mwenye mali. Mkewe, Bibi Atika, alikuwa akimtafutia mwanawe Bishri mke mwenye dini. Alimsikia Lubaba akisoma kwenye khitima moja, moyo wake ukamwelekea. Hakujua kwao wapi, ila aliambiwa kuwa ni mpwa wa Bibi Maisuna, mjane aliyeishi karibu na soko. Akapeleka ujumbe kwa Maisuna kwamba yeye na mumewe wangependa kuonana na wazazi wa binti siku ya Alhamisi, baada ya Alasiri.

Maisuna alikuwa dada yake Rababu, mkubwa wake kwa miaka mingi. Akatoka mjini mbio mbio, akaingia kwa mdogo wake na kuketi juu ya mtungi, maana mahali pengine hapakuwa na nafasi.

"Rababu, mdogo wangu, watu wale utawakalisha wapi?"

"Hapa, dada."

"Hapa mko nyinyi watatu na chungu. Waje kwangu. Mimi nina ua, nina vyumba, nina mazulia aliyoacha marehemu. Sikwambii useme uongo, wala mimi sitausema. Watakaa, watakunywa sharubati, watamwona mtoto. Macho yao yakikosea, hilo ni la macho yao."

Rababu akawakumbuka wale waliogeuza wanyama wao. Mwishowe akasema, "Sawa, dada."

Ghailan aliporudi, mkewe akamweleza. Akasikiliza mpaka akamaliza.

"Nyumba hii ni ya halali, Rababu," akasema. "Hatukumpora mtu."

"Najua. Lakini si wewe uliyemsikia akilia."

Ghailan akapangusa kisu chake. "Wewe ni mama yake. Nitakwenda unakotaka niende. Ila nikiulizwa, nitajibu."

Siku ya Alhamisi wakaenda. Nyumba ya Maisuna ilikuwa imefagiliwa na kufukizwa udi, mazulia yametandikwa, na sharubati ya komamanga imewekwa kwenye sinia la shaba. Muadhi na mkewe wakaingia kwa adabu, wakasalimiana na wenyeji, wakazungumza. Lubaba akaulizwa mambo ya dini, akajibu kwa heshima, na uso wa Bibi Atika ukajaa furaha. Akatazama ua, akatazama vyumba vilivyouzunguka.

"Mashallah," akasema. "Nyumba yenye utulivu kama hii ndiyo inayolea mhifadhi. Hebu niambie, mwanangu, ulikuwa ukihifadhia chumba kipi?"

Maisuna akainuka upesi kumwongeza mgeni sharubati. Lubaba alimtazama mama yake, akangoja. Ghailan akafungua kinywa, lakini Rababu akamtangulia.

"Bibi Atika, hakuhifadhia humu. Hii ni nyumba ya dada yangu. Kwetu ni nje ya lango la kusini, chumba kimoja cha matete na udongo. Mimi ndiye niliyetaka mtukute hapa. Mume wangu hakupenda, na binti yangu amenitii tu. Kosa ni langu."

Rababu akanyoosha mgongo, akaendelea.

"Na kwa kuwa nimeshaanza, acha nimalize. Chumba kile hakijapitiwa na siku moja bila Qur'ani. Hajapita mtu mlangoni petu na njaa yake tukamwacha aende nayo. Mtoto huyu hajasikia mle ndani tusi wala usengenyaji, maana kila neno lililosemwa mle tulilisikia sote watatu, tukawa tunayachunga maneno yetu. Leo nimetoka nikakifunga chumba changu kwa aibu. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe aibu ile, kwa sababu nimeidhulumu nyumba yangu."

Muadhi alitazama chini. Bibi Atika akairudisha bilauri kwenye sinia, haijafika nusu. "Tumeshukuru kwa makaribisho," akasema, na wageni wakaondoka.

Maisuna akalia kwa uchungu. "Umeifukuza bahati ya mtoto kwa mkono wako mwenyewe," akamwambia mdogo wake. Rababu akambusu dada yake mkono, akajitanda ushungi, wakatoka.

Njiani Lubaba alimshika mama yake mkono.

"Nilikuwa nangoja uniruhusu, Mama."

"Na kama nisingesema, ungesema wewe?"

Lubaba akatembea hatua kadhaa. "Sijui, Mama. Namshukuru Mungu kwamba hukuniacha nikajua."

Wiki zikapita bila neno. Habari ilienea sokoni, na kila mtu aliisimulia kwa namna yake; wengine walicheka, na makatibu wawili waliacha kununua kalamu za Ghailan. Yeye akaendelea kuchonga na kusoma. Rababu akaendelea na kazi zake, na katika kila sijda alimwomba Mola wake jambo moja tu: kwamba binti asije kujuta kuzaliwa chumbani mle. Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko kukosa mkwe.

Siku moja karibu na adhuhuri, kabla ya msimu wa mvua, Rababu alikuwa nje akikandika ukuta, udongo umemfika viwikoni. Akasikia salamu nyuma yake. Alikuwa Bibi Atika, peke yake, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi la njia.

"Naweza kuingia?" akauliza.

"Karibu. Inama kidogo, mlango ni mfupi."

Bibi Atika akainama, akaingia, akaketi kwenye mkeka, magoti yake yakikaribia ukuta. Lubaba akamletea maji. Ghailan akampokea kwa salamu, akajivuta kwenye pembe pamoja na matete yake.

"Siku ile nilirudi na hasira," akasema Bibi Atika. "Nikamwambia mume wangu, wale ni watu wa hila. Akaniuliza, 'Mwenye hila angesema?' Nikakaa na hasira yangu siku ishirini na mbili, haikunifaa kitu. Nimekuja kukiona chumba ambacho mtu alikitetea namna ile."

Adhana ya Adhuhuri ikasikika kutoka mjini. Bibi Atika akataka kujua watasali wapi. Rababu akampa ncha moja ya godoro ashike, wakalikunja pamoja. Chungu kikapanda juu, mtungi ukatoka nje. Ghailan akatangulia, wanawake watatu wakapanga safu nyuma yake, bega kwa bega kwelikweli, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Baada ya kutoa salamu, Bibi Atika hakuinuka.

"Nyumba yangu ina vyumba kumi na kimoja," akasema. "Mwanangu akisoma chumbani kwake, mimi simsikii. Nimeishi naye miaka ishirini na tano na sijui anasomaje." Akapangusa macho. "Nipeni binti yenu."

"Muulize mwenyewe," akasema Rababu.

Lubaba aliinamisha kichwa. "Nimeridhia, ila Bishri aje kuposa hapa, aingie kwa mlango huu."

Bishri akaja. Aliinama, lakini hakuinama vya kutosha, akajigonga kwenye boriti, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Lubaba kumwona mume wake: kashika kipaji cha uso, huku anaomba radhi kwa boriti. Nikaha ilifungwa mle mle. Walii na mashahidi walikaa ndani, na Muadhi na wageni wengine wakakaa nje juu ya marundo ya matete, naye hakulalamikia nguo zake.

Bibi Lubaba, Mungu amridhie, alikaa katika nyumba ya vyumba kumi na kimoja zaidi ya miaka arobaini, akifundisha Qur'ani wanawake wa Wasit. Inasemwa kwamba mke wa mtawala alimtembelea akamuuliza, katika hadhara ya mabibi wakubwa, amezaliwa katika jumba gani. Akajibu bila kupunguza sauti:

"Mimi ni binti wa chumba kimoja cha matete, nje ya lango la kusini. Nilikuwa nikiamka nawaona wazazi wangu wote wawili kabla sijanyanyua kichwa. Humu ndani tangu niolewe nimekuwa nikiwatafuta watu."

Baadhi ya mabibi wakaanza kusimulia walikotoka.

Ndugu zangu, Bibi Rababu hakuwa ametamka uongo wowote hadi binti yake alipoulizwa lile swali. Angeweza kunyamaza tu, na kunyamaza kungemtosha kudanganya. Wako miongoni mwetu waliolala watano katika chumba kimoja, wakafunikwa shuka moja, wakafundishwa Fatiha na mtu asiye na kiti, na leo wakiulizwa kwao wapi huutaja mji mkubwa ulio jirani. Mola wetu awarehemu waliotulea katika vyumba vile, na atupe ujasiri wa kusema, "Kwetu ni pale," kisha tuwaelekeze njia wanaotaka kufika.