Nyika Isiyo na Alama ya Mtu

Hivi wewe unayenisikiliza, umewahi kuambiwa kwamba nyasi zimechoka?

Hapo zamani mji wa Pangamwe ulikuwa na nyika ya shirika. Kila nyumba ililisha mbuzi wake humo, na kila nyumba ilikata masikio ya mbuzi wake kwa namna yake, watu wasije wakagombana. Sultani akaitwaa, akaweka kambi ya askari miaka thelathini. Askari walipohama, watu wakafungua mabanda kwa furaha, kumbe ua mpya umekwisha zungushwa, na mpiga mbiu anapita: "Nyika sasa ni ya maumbile. Nyasi zimechoka, zipumzike. Atakayeacha unyayo humo atanyolewa ndevu."

Mbuzi wakaanza kufa. Basi palikuwa na Shekue, kijana mwenye ijaza tatu, ndizo digrii za siku zile, na kazi hana hata nusu. Mama yake alibakiwa na mbuzi wawili, mbavu nje. Shekue akasikia Sultani anatafuta mtu wa kuisafisha nyika kwa siku saba, isibaki alama ya binadamu, kwani wageni watakuja kuitazama. Akaenda barazani.

"Una uzoefu wa miaka mingapi?" akauliza waziri, akichezea ndevu zake zilizofika kitovuni.

"Wa kukaa bure, kumi na mmoja, ya sidi."

Sultani akasema, "Mpeni. Akishindwa, mbuzi wa mji mzima waingie jikoni mwangu."

Shekue akafukia mahandaki ya askari. Kisha akang'oa ua, maana haukuota wenyewe. Akang'oa lango na ubao wa "Mali ya Sultani". Walinzi akawatimua: "Tokeni. Nyinyi ni swala?" Mwisho akatoka kinyumenyume, akifagia nyayo zake.

Siku ya saba Sultani akafika ukingoni mwa nyika na waziri na wageni, Shekue na watu wa mji wakimngoja, ikawa mbuzi wa mji mzima wametapakaa wanakula.

"Nani kawaleta hawa?"

"Hakuna, maulana. Ua haupo, njaa ipo. Wamejileta."

Waziri akadakia, "Masikio yao yamekatwa. Hiyo ni alama ya binadamu. Jikoni."

"Taib, umeshinda, bwana waziri," akasema Shekue. "Ingia uwakamate."

Waziri akainua mguu, akakumbuka mbiu, akashika ndevu, akabaki amesimama kama korongo. Sultani akacheka hata kilemba kikamdondokea nyikani, na hakuna aliyethubutu kukifuata. Mbuzi mmoja akaanza kukitafuna taratibu.

"Umenipata, Shekue," akasema Sultani, akifuta machozi. "Nitaunda baraza la watu arobaini walichunguze jambo hili."

"La, maulana. Baraza la aina hiyo mliliunda askari walipohama, na mpaka leo linakula pilau tu. Andika hapa, wageni wakiona: nyika ni ya mji, na mji ndio utakaoilinda. Wewe tia muhuri, waziri ashuhudie, akishusha mguu. Hatuondoki mpaka wino ukauke."