Birika la Sultani Jabiri

Palikuwa na Sultani, jina lake Jabiri, aliyeamini kwamba kila kitu chini ya mbingu kinamtii. Kilichomkaidi ni birika lake la umeme tu. Birika lilikuwa kubwa, la kahawa ya baraza zima, na lilichukua saa nzima kuchemka. Sultani akataka lichemke kabla hajamaliza kupiga miayo. Na nyaya za kasri zisiguswe, maana zimepita ndani ya kuta za nakshi, na nakshi ni urithi wa babu yake. Mafundi watatu walimwambia haiwezekani. Wote watatu wakatiwa gerezani, na mmoja wao ni mume wa Mwanakheri.

Mwanakheri naye alikuwa fundi umeme, maskini wa kila kitu isipokuwa ulimi. Akaja na mita yake, akapima, wakubwa wakimkodolea macho kana kwamba anapiga ramli. Aliogopa, tusidanganyane. Neno moja likienda kombo, watoto wake wangebaki bila baba wala mama.

"Volti mia mbili na arobaini," akasema. "Ampea mbili. Gawanya volti kwa ampea, ukinzani wa birika ni ohmu mia moja na ishirini. Zidisha, nguvu yake ni wati mia nne na themanini."

"Nataka wati elfu mbili."

"Kwa volti hizo hizo, Seyyid, ampea zitapanda hadi nane na kitu. Waya wako unabeba tano. Ukizidi hapo utaungua, na kuta, na nakshi za babu."

"Ampea zibaki mbili."

"Basi na wati zitabaki mia nne na themanini."

"Nani kasema?"

"Hesabu."

"Hiyo hesabu ni raia wa nani?"

Mawaziri wakacheka, kwa kuwa ndiyo kazi waliyoajiriwa. Mwanakheri akawangoja wamalize.

"Sasa naamuru," akasema Sultani, akainuka. Mji ule ulikuwa na desturi yake: amri ya Sultani haishiki mpaka amemwekea kiganja yule anayeamriwa. Akishawekewa, akikaidi, ni gereza. Basi Sultani akanyoosha kiganja chake, kinene, kimelowa jasho, kuelekea kichwa cha Mwanakheri.

Mwanakheri akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi sijakaidi, Seyyid. Anayekaidi ni waya. Mume wangu na wenzake wamefungwa bure, kwa kuwa mkaidi mwenyewe hajawahi kuamriwa kwa desturi." Akazima swichi, akaumenya waya wa birika ganda lake, akamsogezea Sultani ncha yake kwa adabu zote. "Mwekee kiganja. Mimi nawasha."

Sultani akautazama waya, akakitazama kiganja chake.

"Nikiushika, zitanipitia ampea ngapi?"

"Mtu mwenye jasho, ukinzani wa mwili wake ni kama ohmu elfu moja. Volti mia mbili na arobaini, gawanya kwa elfu moja. Hata robo ya ampea haifiki."

"Kumbe kidogo hivyo," akasema Sultani, akijikaza kutabasamu.

"Kidogo mno, Seyyid. Haichemshi hata kikombe. Inatosha kubadilisha sultani tu."