Kanga Aliyeuza Joto Lake

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye mtoto amkumbatie!

Tumemkumbatia!

Hapo zamani za kale, kanga, yule ndege wa porini, alikuwa mweusi tii, hana doa hata moja. Mumewe alichukuliwa na mwewe, akamwachia mayai matatu na njaa. Kanga akawaza, "Shamba sina, duka sina. Nina joto tu." Akatangaza: "Mwenye mayai alete! Nitayaatamia, yeye akatafute chakula, jioni aniletee changu."

Akaja Bi Kwale. "Shoga, nina manne. Utayaweza?"

"Lete, mwenzangu."

Kanga akasukuma yai lake moja hadi ukingoni mwa kiota. Akalinong'oneza, "Mwanangu, sogea kidogo. Wewe wa nyumbani, utanivumilia."

Akaja Bi Bata. "Nipokee haraka, mama, bwawa linakauka!"

"Lete, mwenzangu."

Akasukuma yai lake la pili. "Mwanangu, sogea kidogo. Wewe wa nyumbani, utanivumilia."

Akaja Bi Mbuni na yai kubwa kama chungu. Kwale alikuwa akipita na mchwa mdomoni. Akawatua chini, akasema, "Shoga, hilo likatae. Bawa lako limekwisha."

Kanga akaogopa. Nikimkataa mkubwa huyu, nani atakuja tena?

"Lete, mwenzangu."

Akasukuma la tatu. "Mwanangu, sogea kidogo. Wewe wa nyumbani, utanivumilia."

Kanga akalikwea lile yai. Mbuni akacheka. "Tazama, kapanda mlima! Mbona yai langu liko wazi?"

"Bawa litaenea, bibi."

Halikuenea. Mvua ya baridi ikanyesha kutwa. Kanga akafunika huku, kule kukafunuka. Akafunika kule, huku kukafunuka.

Wenyewe waliporudi, mayai yote yalikuwa baridi kama kokoto. Bata akaangua kilio. Mbuni akamrushia Kanga mchanga. "Mwongo! Nani alikulazimisha kusema 'lete'?" Akaenda akimtangaza pori zima. Hakuja mteja tena.

Kwale naye alikuwa amefiwa na wote wanne. Lakini alirudi, akaweka mchwa wake mbele ya Kanga. "Kula, shoga." Akamfunika kwa bawa, akalia. Machozi yakamdondokea Kanga mgongoni, na kila tone likawa doa jeupe. Ndiyo madoa mnayoyaona hadi leo.

Kanga akayavuta mayai yake kutoka ukingoni, akayalalia.

"Njooni katikati, wanangu. Sasa nafasi ipo."

Akalala juu yake siku nyingi. Hayakuangulika.

Wenzangu, muuza mahindi huyaweka ghalani. Anayeuza huduma hana ghala: anauza mikono yake, muda wake na joto lake, na hivyo vina mwisho. Pima bawa lako kabla hujasema "lete". Na wa nyumbani usimsukumie ukingoni, maana yeye hadai, hupoa kimya kimya.

Ngano yangu nimeiacha kiotani. Mwenye joto aiatamie.