Skana Iliyomtii Mtu Mmoja

Mtu mmoja alikuwa na skana. Ilikuwa ya zamani, ya kulaza karatasi juu ya kioo na kufunika kifuniko, nzito kama debe la mahindi. Shirika moja lilipofunga ofisi yake mjini liliigawa, nayo ikafika katika ofisi ya kijiji ikiwa na waya wake, bila diski yake. Waliotengeneza skana ile walikwisha kuisahau. Ukiwaandikia kuhusu shida yake, wanakujibu kwa picha ya skana mpya.

Mtu huyo aliitwa Ambakisye. Alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mzee wa kanisa na mjumbe wa serikali ya kijiji, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kompyuta, ofisi ilimkabidhi vyote viwili, kompyuta na skana. Kompyuta nayo ilikuwa kongwe. Virusi viliitesa mpaka ikawa inachukua asubuhi nzima kuwaka, ndipo Ambakisye alipofuta kila kitu na kuweka Linux, mfumo ambao watu duniani huuandika kwa kushirikiana na yeyote huuchukua bure. Kompyuta ikapona. Skana ikabaki kimya, kwa sababu walioitengeneza hawakuwahi kuandika chochote cha kuiwezesha kuzungumza na mfumo huo.

Ambakisye akaingia kazini siku arobaini. Msidhani natia chumvi, mkewe ndiye aliyehesabu. Siku ya kwanza kompyuta ilikiri kwamba kuna kitu kimechomekwa, ila haikijui. Baada ya wiki mbili akagundua kwamba skana za aina ile huamka kichwa kitupu. Kila inapowashwa, lazima kompyuta iipe akili yake upya kutoka kwenye faili moja dogo, na faili hilo lilikuwa kwenye ile diski iliyopotea. Akaulizia huku na huko, akaipata diski kama ile kwa mpiga picha mmoja wa Tukuyu, aliyekuwa ameitundika kwenye bustani ya mchicha ifukuze ndege. Ilikuwa na mikwaruzo na kinyesi kidogo, lakini faili lilisomeka.

Akaliweka faili mahali pake. Skana ikaamka, ikanguruma, ikakwaruza kama paka aliyefungiwa kabatini, ikanyamaza. Kwa siku nyingi Ambakisye akasoma maandishi ya watu wa mbali wenye shida kama yake. Akabadilisha mipangilio, akairudisha, akaibadilisha tena. Akafunga na kuomba. Siku ya arobaini mkewe alikuja kupangusa vumbi, akainua skana, akauliza hiki kitufe chenye picha ya kufuli huku tumboni ni cha nini. Lilikuwa kufuli la safari, linaloshika taa isitikisike mashine inapobebwa. Lilikuwa limefungwa tangu ilipotoka mjini. Ambakisye akalifungua, akamwambia mkewe kwamba naye alikuwa anakaribia kufika hapo.

Taa ikatembea chini ya kioo, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Karatasi ikatokea kwenye kompyuta, safi, kila herufi mahali pake. Ambakisye alilia, na mimi simcheki kwa hilo. Mtu akihangaika na kitu siku arobaini halafu kikawaka, ana haki ya kulia. Serikali ya kijiji ikaitisha kikao, mchungaji akaiombea skana, soda zikanywewa.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ugonjwa ulipoingia. Katika mfumo ule kuna akaunti moja ya mkuu, ambayo haikatazwi kitu. Kisha kuna akaunti za watu wa kawaida, nao huruhusiwa kutumia kifaa kwa kuandikwa majina. Kazi yote ya siku arobaini Ambakisye aliifanya akiwa ndani ya akaunti ya mkuu. Akiingia yeye, skana ipo. Akiingia mwingine, kompyuta inasema hakuna skana. Si kwamba imeharibika. Ipo, inawaka, na huyo mwingine haruhusiwi kuiona.

Dawa yake Ambakisye aliijua. Ni mstari mmoja wa maneno manne, la mwisho likiwa jina la unayemruhusu. Aliusoma siku ya arobaini na moja. Hakuuandika. Alijiambia ni kwa ajili ya usalama, kwamba watu watagusagusa na kuharibu. Lakini ndugu zangu, tuseme ukweli: alipenda kuitwa. Mtu akija na cheti cha ubatizo au barua ya shule, karani alitoka mlangoni na kumpigia simu, naye Ambakisye alikuja taratibu, mikono nyuma, akiitikia salamu pande zote mbili za njia. Akifika alitoa leso na kufuta kioo ambacho kilikuwa kisafi. Ukutani akabandika karatasi: USIGUSE BILA AMBAKISYE. Karani, binti mmoja mtulivu aitwaye Subilaga, alimwomba mara mbili amfundishe. Mara zote mbili alijibiwa kwamba mashine ya zamani ina tabia zake. Ni kweli ina tabia zake. Na mwenyewe pia alikuwa na zake.

Ikafika Ijumaa moja ya masika. Bibi Tusekile, mjane wa kitongoji cha juu, alifika ofisini saa tatu asubuhi na ramani iliyofungwa ndani ya kanga, na kanga ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa karatasi moja iliyochorwa kwa mkono zamani, yenye sahihi za wenyeviti wa vijiji viwili, ikionyesha mpaka unakopita. Upande wa huku wa mpaka ndiko kulikuwa na migomba yake na kaburi la mumewe. Jirani wa ng'ambo alikuwa amefungua shauri akidai vyote, na baraza la ardhi lilisema litapokea ushahidi hadi Ijumaa hiyo saa sita mchana, basi. Barabara ya kwenda wilayani ilikuwa imekatwa na maporomoko, hivyo ramani ilipaswa kutumwa kwa barua pepe. Picha ya simu haikutakiwa, kwa sababu simu hupinda mistari na kipimo kikapotea. Ilitakiwa skana.

Subilaga akampigia Ambakisye. Simu haikupatikana. Mwalimu alikuwa misheni, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki, kwenye semina ya viongozi wa kanisa, na simu zote zilikusanywa mlangoni ndani ya kikapu ili Roho asikatizwe. Subilaga akaona hakuna njia, akaivunja amri ya ukutani. Akawasha skana, akailaza ramani kwenye kioo, akafunika, akaingia kwenye akaunti yake. Kompyuta ikamwambia: hakuna skana iliyopatikana. Akazima, akawasha, akapata jibu lile lile. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Mwenyekiti wa kijiji akaingia, akavaa miwani, akasoma maandishi yale kwa sauti ya kiserikali, nayo hayakubadilika.

Bibi Tusekile alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya kifuniko. Akauliza, "Sasa wanangu, kama skana haipo, hiki kilichomeza ramani yangu ni nini?"

Mwenyekiti alivua miwani, akapanda pikipiki yake mwenyewe, akaondoka kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana katika kazi yoyote ya maendeleo.

Mimi nilikuwa kwenye semina ile, safu ya tatu. Ambakisye ndiye aliyekuwa mtoa mada. Mada ilikuwa Kiongozi ni Mtumishi, na alikuwa amefika kipengele cha nne, kwamba kiongozi mwema huwaandaa wengine. Mlango ukafunguliwa, mwenyekiti akaingia na matope mpaka kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja hadi mbele na kumnong'oneza. Nilimwona Ambakisye akibadilika rangi. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Pale misheni mtandao wa simu hushika mahali pamoja tu, mbele kabisa, kwenye mimbari. Na hata hapo hushika kwa kuibia, ukipaza sauti. Kwa hiyo Ambakisye alisimama mimbarini na simu ya mwenyekiti, mbele ya wachungaji wanane na wazee wa kanisa sitini, akampigia Subilaga. Alitaka kwanza kunong'ona. Subilaga hakusikia. Akamwambia aingie akaunti ya mkuu. Subilaga akauliza neno la siri ni lipi.

Ambakisye akatutazama. Sisi tukamtazama. Akafumba macho, akasema kwa haraka.

"Inakatika, Mwalimu, rudia!"

Akapaza sauti. "Ambakisyepekeyake! Yote pamoja, bila nafasi, herufi ndogo!"

Kanisa zima likasikia, na mwangwi ukarudi kutoka ukuta wa nyuma ukiwa umeongeza uzito. Askofu msaidizi aliinamisha kichwa kana kwamba anaomba, lakini mabega yake yalikuwa yanacheza. Subilaga akasema anaandika, lakini haoni kitu kikitokea. Ambakisye akamwambia ndivyo ilivyo, neno la siri halionekani likiandikwa, aendelee tu. Akaandika, akakataliwa, kwa kuwa alisahau herufi moja. Ambakisye akalazimika kulitaja tena, safari hii silabi moja moja, kama anavyofundishwa mtoto wa chekechea. Mimi nilicheka mpaka nikashika benchi la mbele.

Akafunguliwa. Ambakisye akamsomea ule mstari, neno la kwanza, la pili, la tatu. Kisha Subilaga akauliza, kwa heshima kabisa, "Na hapa mwisho niandike jina la nani, Mwalimu?"

Kicheko kikaisha. Sijui kwa nini kiliisha, hakuna aliyetunyamazisha. Ambakisye akaangalia saa, ilikuwa tayari saa sita kasoro dakika kumi na tano. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Andika lako, mwanangu. Ukimaliza, yaandike na ya wenzako wote wa hapo."

Hata hivyo skana haikuonekana mara moja. Aliyeandikwa hatambuliwi mpaka afunge akaunti yake na kuingia upya, ndivyo mfumo ule ulivyo. Subilaga akatoka, akaingia. Simu ilikuwa bado imewekwa sikioni mwa Ambakisye, na sisi sote tulikuwa tumesimama bila kujua tumesimama lini. Tukasikia kwa mbali sauti ya Bibi Tusekile, "Inatembea! Taa inatembea!" Wazee wa kanisa sitini wakapiga makofi kwa ajili ya karatasi moja. Ramani iliondoka saa sita kasoro dakika nne, na baraza likajibu kwamba imepokelewa. Migomba ile ni ya Bibi Tusekile hadi leo, na kaburi analifagia mwenyewe.

Ambakisye alirudi kwenye karatasi zake akatafuta kipengele cha nne. Kisha akasema kipengele hicho atakisema mtu mwingine, siku atakapopatikana anayekijua, akashuka.

Mkitaka niwafafanulie, nitafafanua kidogo. Skana ni kipawa ambacho mtu amekitolea jasho, na jasho lake ni la kweli. Akaunti ya mkuu ni mfuko wa suruali yako, unamoweka funguo. Lile "hakuna skana" ndilo jibu tunalowapa watu kila tunapokuwa hatupo, kisha tunashangaa mbona kazi haiendi bila sisi, na kushangaa huko kunatufurahisha. Mimi niliyecheka kuliko wote pale misheni ndiye ninayetunza funguo za stoo ya kanisa, na siku ile nilizisikia zikinichoma pajani hadi nikaona aibu ya kukaa.

Basi nawauliza nyinyi wenye funguo za ofisi, za kisima, za ghala na za kwaya: mjane akifika kesho nanyi hampo, kuna hata jina moja mliloliandika?