Kwa Nini Habari Huulizwa Moja Moja

Kale, watu wa mji wa Mtomoni walisalimiana kwa neno moja tu. Mtu akiuliza, "Habari?" mwenzake alijibu, "Nzuri," kisha kila mmoja akashika njia yake. Hawakuwa watu wa kiburi. Ndivyo walivyozoea.

Katika mji huo alihamia Nyamizi, mwanamke wa bara, na mumewe mhunzi. Mume aliposafiri kutafuta chuma, Nyamizi alibaki na binti yao mdogo, Kalunde. Kiswahili hakukijua. Jirani yake, Bi Mwanashehe, msusi wa mikeka, alimfundisha kwa kumwonyesha vitu kwa kidole: maji, moto, chungu, mtoto. Nyamizi alikosea, wakacheka pamoja, akarudia. Alipofundishwa salamu aliifurahia kuliko yote, maana kila aliposema "nzuri" alijiona naye ni mwenyeji.

Ikawa Bi Mwanashehe amekwenda arusini kijiji cha pili, na huku nyuma Kalunde akashikwa na homa kali. Nyamizi alikwenda kisimani kuchota maji ya kumpoza. Wanawake wakamuuliza, "Habari?" Alitaka kulia, lakini hakuwa na maneno ya kulilia. Akajibu lile alilolijua: "Nzuri." Wakajitwika ndoo zao, wakaenda zao. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na mtoto hakuwa akila chochote.

Siku ya tatu asubuhi Bi Mwanashehe alirudi, akakutana naye njiani.

"Habari, mwanangu?"

"Nzuri, Bi."

Lakini yule mama aliyaona macho ya Nyamizi yamevimba, asiondoke.

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za mtoto?"

Nyamizi alifungua kinywa aseme "nzuri", neno likakataa kutoka. Machozi yakamtiririka. Akatafuta katika maneno yake machache, akayapata mawili.

"Mtoto moto," akasema. "Bi, mtoto moto!"

Bi Mwanashehe alitupa mzigo wake palepale, akakimbia. Alimkuta Kalunde amelegea kama kitambaa. Akaita majirani kwa sauti. Huyu akachemsha mizizi, yule akamkanda mtoto kwa maji, mwingine akapika uji. Walipokezana siku mbili, hata homa ikashuka. Kalunde alipofumbua macho aliomba uji, akaumaliza, akaomba tena.

"Tulimuuliza habari, akasema nzuri," wanawake wa kisimani walijitetea, nyuso chini.

"Mlimuuliza mara moja," Bi Mwanashehe akasema, "tena mkiwa mnatembea."

Nyamizi hakuwawekea kinyongo. Ila tangu hapo, yeye alimsimamisha kila aliyekutana naye, akamuuliza kwa maneno yote aliyokuwa nayo: habari za nyumbani, za watoto, za kazi, hata za mbuzi na za chungu. Watu walicheka, wakajibu. Na katika kujibu, mmoja akajikuta anasema mguu unamuuma, mwingine kwamba binti yake amejifungua salama. Wakaona raha ya kuulizwa, nao wakaanza kuulizana hivyo.

Na tangu siku hizo, Waswahili wakikutana hawatosheki na habari moja. Huuliza za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, moja baada ya moja, bila haraka. Na anayejifunza lugha yao leo hufundishwa salamu hizo zote kabla ya kitu kingine, akaona ni nyingi, akazisema hivyo hivyo.