Kabureta ya Kushoto

Amani iwe kwenu, wa kulia na wa kushoto. Mniwie radhi, leo mfano wangu unanuka petroli.

Juzi wazee wa kanisa waliniita wakaniambia, "Mchungaji, Jumapili hii utuhubirie umoja. Upande wa kushoto unavuta sana." Mnajua wenyewe nani anakaa kushoto humu ndani. Tangu enzi za babu zetu, wanaume kulia, kina mama kushoto. Na mnajua wanavuta kwa ajili ya nini: tangi la maji la kanisa, ambalo limetiwa kufuli na hufunguliwa siku za sherehe tu. Ufunguo unakaa kwenye mfuko wa koti la Mzee Ngailo, mtunza hazina wetu. Namwona pale mbele amenikazia macho. Haya. Nimeambiwa nihubiri umoja, na umoja nitauhubiri.

Palikuwa na mkunga mmoja, milimani kwenye ukungu kama huku kwetu. Zahanati yake ilikuwa na pikipiki kubwa ya zamani, yenye kigari cha pembeni cha kumlaza mjamzito. Usifikirie hizi za bodaboda. Ile ilikuwa na silinda mbili, na kila silinda ilikuwa na kabureta yake, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa na kuilisha injini. Kabureta mbili, moja kulia, moja kushoto, injini moja. Zikilisha sawasawa, pikipiki inapanda mlima bila kulalamika. Zikipishana, injini inatetemeka, inakohoa, na ikiona mlima inakata tamaa.

Ya mkunga ilikuwa inatetemeka. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Hii ni ya zamani, dada nesi. Utaizoea."

Akaongeza sailensa. Mnaijua sailensa? Ni ule muungurumo wa injini inapowaka na hakuna anayeigusa. Fundi akaupandisha, injini ikanguruma pale pale iliposimama, na kelele ikafunika mtetemo. Mkunga akarudi zahanati akidhani pikipiki imepona. Kumbe ugonjwa ulikuwa mle mle, umepigiwa ngoma tu! Ndugu zangu, si ndivyo tunavyojitibu? Nyumba ina mtetemo, tunaongeza redio. Kanisa lina mtetemo, tunaongeza spika.

Basi mchana mmoja wa mvua mkunga akaitwa. Mama wa mimba ya kwanza, uchungu umemkaba, mtoto amekaa vibaya. Wakamlaza kwenye kigari, wakaanza kupanda kuelekea zahanati. Walipofika kwenye mlima wenyewe, ule wa udongo mwekundu, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Mkunga akapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Hakuna kitu. Yule mama akajifungulia pale, juu ya tope, kanga moja chini, kanga moja juu. Mtoto alitoka wa bluu. Mkunga akampulizia pumzi, akampulizia, hadi akalia.

Mungu ni mwema, walipona wote wawili. Waliobaki kijijini wakashangilia, wakaua kuku. Lakini mkunga hakula kuku yule. Alikuwa na hasira, na mimi nasema ilikuwa hasira takatifu. Alimwosha tope mtoto aliyezaliwa mlimani kwa sababu watu wazima walikubaliana kuzoea.

Kesho yake akaisukuma pikipiki hadi kwa fundi. Hakusalimia.

"Fundi, nionyeshe kinacholinganisha kabureta hizi mbili."

"Dada nesi, hayo ni mambo ya ndani."

"Nionyeshe hayo ya ndani."

Fundi akang'oa kiti. Akang'oa tangi la petroli. Huko chini kabisa, katikati ya kabureta mbili, palikuwa na skrubu moja fupi, kichwa chake kidogo kama punje ya mtama. Hiyo ndiyo inayozipatanisha. Na kwa kuwa ni fupi na haina cha kuishikilia, kila pikipiki ikipita kwenye mashimo inalegea. Na kwa kuwa imefichwa, hakuna anayeigusa mpaka maafa yatokee.

Mkunga akasema, "Nataka skrubu nyingine. Ndefu, itokeze nje, niishike kwa vidole nikiwa nimekaa hapa kwenye kiti, injini inawaka. Na uweke springi chini yake, isilegee."

Fundi akacheka. "Haijawahi kufanyika. Skrubu hii ni ya fundi. Ukiwawekea watu nje wataichezea, wataiharibu!"

Hapo ndipo yule mkunga aliposema neno ambalo nataka mlibebe hadi nyumbani. Alisema, "Wacha tuichezee. Tukiiharibu tutasikia hapo hapo, na tutairudisha. Sasa hivi imeharibika na hatusikii."

Fundi akaing'oa ile skrubu fupi. Wakaenda kwa mkerezaji wa vyuma, akakereza skrubu ndefu yenye kichwa kipana, chenye mikwaruzo ili kidole kisiteleze. Wakaifunga na springi yake. Wakapunguza sailensa, na mtetemo wote wa zamani ukajitokeza hadharani, pikipiki nzima ikitikisika kama mgonjwa wa homa. Kisha fundi akaleta mrija mwembamba unaoonyesha ndani, akautia oili, ncha moja akaichomeka kwenye kabureta ya kulia, ncha nyingine ya kushoto. Kabureta zikipatana, oili inatulia katikati. Zisipopatana, inakimbilia kwa anayevuta zaidi.

Oili ikakimbilia wapi? Semeni wenyewe. Kushoto! Naam, kushoto. Naona upande wa kulia mnatabasamu.

Mkunga naye aliwaza kama mnavyowaza. Akasema, "Huyu wa kushoto ndiye mkorofi, anavuta sana. Ngoja nimbane." Akazungusha skrubu, akambana. Oili ikazidi kukimbilia kushoto! Akambana tena. Injini ikaanza kufa mikononi mwake.

Sasa simameni kidogo. Kila mtu abane pua yake kwa vidole, aache upenyo mdogo tu, mdomo ufungwe. Na wewe Mzee Ngailo, bana, hakuna anayekutazama. Haya, vuteni hewa. Mnasikia kifua kinavyohangaika? Mnavuta kwa nguvu kuliko mlivyovuta mwaka mzima! Je, ni ukorofi? Ni tamaa? Achieni pua. Kaeni.

Kabureta ina mlango mdogo wa hewa, ndugu zangu. Mlango ukiwa wazi, injini inavuta taratibu, kwa raha zake. Mlango ukibanwa, inavuta kwa nguvu zote, kwa sababu inakosa pumzi. Yule wa kushoto hakuwa anavuta kwa kuwa ni mkorofi. Alikuwa anavuta kwa kuwa amebanwa. Na kila walipomwona anavuta, walimbana zaidi!

Mkunga akaishika ile skrubu na kuizungusha kinyume. Akamfungulia wa kushoto, kidogo, kidogo tena. Oili ikarudi. Ikafika katikati, ikatulia. Na ile injini, kwenye sailensa ndogo kabisa, bila kelele ya kuficha kitu, ikawa inapumua tu, tu, tu, tu, hata wakasikia kuku wanaparua nyuma ya gereji. Fundi akavua kofia. Mkunga hakumngoja, alikuwa na wajawazito wa kuwafuata.

Sasa nyie mnadhani nimemaliza.

Wazee wangu, mliniambia upande wa kushoto unavuta sana. Nimewasikia. Swali langu ni moja: nani amewabana? Mama anaamka alfajiri, anashuka bondeni, anapanda na ndoo kichwani, anapita mbele ya tangi la kanisa lililojaa maji ya mvua ya Mungu, tena bati la paa linaloyakinga yeye ndiye aliyelichangia kwa kuuza viazi. Anaona kufuli. Akisema, tunasema anavuta. Akisema tena, tunaitisha kikao cha ndani, tunang'oa kiti, tunang'oa tangi, tunajifungia huko chini, halafu tunatoka na kauli: nyamazeni, tuwe na umoja. Huo si umoja. Hiyo ni sailensa iliyopandishwa.

Mtaniambia tukiuweka ufunguo nje, watu watauchezea. Bomba litavunjika, maji yatamwagika. Wacha tuuchezee! Bomba likivunjika tutaliona siku hiyo hiyo, na tutalitengeneza siku hiyo hiyo, maana wote tutakuwa tumelizunguka. Sisi hatukuitwa kuzoea. Nakataa kuzoea. Na kama kuna atakayeniandikia barua kwa askofu, aandike vizuri, jina langu lina herufi mbili za mwisho ambazo watu huzisahau.

Mlangoni nje, kwenye msumari tunaotundikia taa, kuanzia leo utakaa ufunguo wa tangi. Mtu yeyote atanyoosha mkono aufikie, wa kulia na wa kushoto. Na baraka ya mwisho siitoi hapa mimbarini. Nitaitolea nje, nimesimama kwenye bomba, maji yakiwa yanatoka. Anayetaka kubarikiwa atanikuta huko.

Mzee Ngailo, tangulia, mkono wako umeshafika mfukoni, nimeuona. Na nyie kina mama, inukeni mkachukue zile ndoo mlizozificha nyuma ya kanisa tangu asubuhi.