Mlango wa Kuchora

"Mlango wa kuchora hauzuii mwizi." Ndivyo alivyosema Masele asubuhi hii, alipoambiwa shule ina mlinzi, akaenda akakuta koti la mlinzi limetundikwa langoni na mwenyewe hayupo. Mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo kayatoa wapi. Hakuyatoa kwa mababu. Msidhani kila methali ilizaliwa enzi za mikuki. Hii ilianzia hapa hapa Itobela, kwenye ghala la asali, na kila nikiisimulia damu hunichemka, kwa hiyo mkiona nimepaza sauti mnivumilie.

Mnaijua desturi yetu wafuga nyuki: mzinga wa mtu hauulizwi ulipo. Unaweza kumuuliza mtu habari za ndoa yake akakujibu. Ukimuuliza mizinga yake ameitundika wapi, atakuuliza mvua ya kwenu imenyeshaje. Si uchoyo huo. Mwizi wa asali harini kama mwenye mali. Anawasha moto, anaua nyuki wote, anaondoka na masega, nyuma unabaki mti mweusi. Ndiyo maana mahali pa mizinga hukaa kifuani mwa mwenyewe.

Basi wanunuzi wa mjini wakataka kujua kila ndoo ya asali imetoka mzinga upi. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Maganga, akasema itengenezwe programu ya simu, na kazi akampa mpwa wake Erasto, kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Dodoma. Erasto hakuiandika kwa mkono wake. Aliieleza akili mnemba anachotaka, nayo ikamwandikia programu nzima kabla ya wiki kuisha. Hapo sina ugomvi naye. Hata mimi jembe silifui, nanunua. Na programu yenyewe ilipendeza kweli: rangi ya asali, nyuki anayepiga mbawa, na mwanzoni picha ya kufuli. Unaandika namba yako ya simu, unaandika neno lako la siri, unaingia.

Kazi ya kukusanya mahali pa mizinga akapewa Nyamizi, katibu wa kikundi, kwa kuwa watu walimwamini. Alipita nyumba kwa nyumba akirudia ahadi aliyopewa na Erasto, kwamba mahali pa mzinga atapaona mwenyewe peke yake. Wengi walisita, wakakubali. Bibi Kalunde alimrudisha, akamrudisha tena. Mizinga yake aliachiwa na marehemu mumewe, na ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu.

"Mwanangu," alimwambia Nyamizi mwishowe, "hata watoto wangu sijawaonyesha njia yote. Nakupa wewe. Siipi simu, nakupa wewe."

"Nimekusikia, bibi," Nyamizi akajibu, na alimaanisha.

Siku chache kabla ya uzinduzi, Nyamizi alikuwa jikoni akifanya mazoezi, maana yeye ndiye angeionyesha programu mbele ya mgeni rasmi. Vidole vilikuwa na unga, akakosea neno lake la siri. Programu ikamfungulia. Akadhani ni macho yake. Akaifunga, akaifungua upya, akaandika jina la mbuzi wake. Ikamfungulia. Akaandika upuuzi mtupu, ikamkaribisha kwa jina na yule nyuki akapiga mbawa. Akaandika namba ya Bibi Kalunde, na mahali pa neno la siri akaandika "chumvi". Mizinga ya bibi ikatokea yote, na mstari wa njia kutoka barabarani mpaka shinani mwa kila mti.

Alitoka bila kunawa mikono. Kwa Mzee Maganga aliwakuta mjomba na mpwa wakipanga fulana za njano za siku ya sherehe.

"Erasto, huu mlango uliujaribu?"

"Nimeujaribu, shangazi. Unafunguka vizuri kabisa."

"Sikuulizi kufunguka! Uliujaribu kama unafungika?"

Erasto hakuwa ameujaribu hivyo. Kila mara alikuwa ameingia kwa neno lake sahihi, akafunguliwa, akaridhika. Akaiuliza akili mnemba kama programu iko tayari, ikamwambia iko tayari. Kujifanya mwizi, angalau mara moja, hakukumjia akilini. Sasa akachukua simu, akajaribu, uso ukambadilika.

"Kweli," akasema. "Imeweka tu sehemu ya kuandikia. Neno lenyewe hailikagui. Nipeni muda nirekebishe."

"Muda gani?" Mwenyekiti akadakia. "Mgeni rasmi anakuja Jumamosi. Mbuzi wamenunuliwa. Tuzindue kwanza, utarekebisha baadaye."

"Baadaye, mzee? Mizinga ya watu iko wazi!"

"Nani atajua? Wazee wetu hawa hata kuwasha simu wanaomba wajukuu. Unakuza mambo, Nyamizi. Usije ukatuaibisha mbele ya wageni."

Nani atajua! Hebu niambieni, mtu anaichukua siri ya mjane, anaianika barabarani, halafu anachoogopa yeye ni aibu mbele ya mgeni! Kosa la Erasto lilikuwa uzembe, na uzembe una dawa. La mwenyekiti lilikuwa dharau, na mpaka leo halijaniisha rohoni.

Nyamizi alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Kalunde, akamweleza yote bila kuficha. Bibi alikuwa akipepeta karanga, akaendelea kupepeta.

"Nilikupa wewe," akasema.

Nyamizi alirudi kwake akilia kwa hasira.

Jumamosi ghala lilijaa. Ukutani lilitundikwa shuka jeupe, na picha ya programu ikamulikwa hapo ili kila mtu aone. Mzee Maganga alihutubia, akasema siri za wanachama zimefungiwa ndani kama mtoto tumboni. Watu wakapiga makofi. Nyamizi akaitwa mbele.

"Mwenyekiti," akasema, "umetuambia ni salama. Wewe mwenyewe unaiamini?"

"Kabisa!"

"Basi tuanze na wewe."

Akaandika namba ya Mzee Maganga, inayojulikana kijiji kizima, kisha akamgeukia mgeni rasmi. "Mheshimiwa, nipe neno. Lolote litakalokujia."

Mgeni akacheka. "Kisamvu."

Nyamizi akaandika kisamvu. Ukutani ikamwagika mizinga ya Mzee Maganga, ya bondeni, ya ng'ambo ya mto, mpaka ile ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. Watu wakaguna, na mkewe akaguna kuliko wote. Mzee aliruka kutoka kitini, akasimama mbele ya shuka, akatanua mikono aizibe, lakini ramani ikamkalia usoni na kwenye fulana.

"Zimeni! Zimeni hicho kitu! Mnataka niibiwe?"

"Yako izimwe," Nyamizi akasema, "na ya Bibi Kalunde ingoje baadaye?"

Nyuma ya ghala Bibi Kalunde akainuka.

"Kwa hiyo mlituchorea mlango?"

"Ndiyo, bibi," Erasto akajibu, kichwa chini. "Ulikuwa wa kuchora. Nisamehe."

"Mlango wa kuchora hauzuii mwizi. Futa. Mizinga yangu na ya wote. Sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa."

Erasto akafuta yote. Mgeni rasmi aliondoka bila kukata utepe. Baadaye kijana alitengeneza upya, na safari hii akawapa simu watu wa kijiji wamwibie wakiweza, mpaka wakashindwa. Ikazinduliwa, na wengi wakarudi.

Bibi Kalunde hakurudi. Programu ilikuwa imeshatumwa kwa simu za watu hata kabla ya sherehe, na nani ajue ni macho ya nani yaliyopita kwenye miti yake? Ikambidi, na uzee ule, ahamishe kila mzinga. Akamchukua mwanawe mkubwa. Nyamizi naye alikwenda kumsaidia, akajitwika mzinga begani mpaka ukingoni mwa msitu. Hapo bibi akasimama.

"Asante, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Ishia hapa."

Nyamizi akautua mzinga, akageuka, akarudi peke yake. Hakuwa yeye aliyedanganya, lakini ahadi ilitoka kinywani mwake. Hivyo mkipewa kulinda cha mtu, msinionyeshe kufuli linavyong'aa. Sukumeni kwanza, tena kwa nguvu, kabla hajasukuma mwingine, kwa maana mlango wa kuchora hauzuii mwizi.